Maswali ya Wasomaji: Nani Anaruhusiwa Kuongoza Wageni Mlimani Ufaransa?

Barua za mwezi huu kuhusu skii, mchezo wa kuteleza kwenye theluji, zimekuja nyingi, na karibu zote zinagusa mvutano mmoja: walimu wa skii wa milima ya Alps upande wa Ufaransa, na wafanyakazi wa kampuni za utalii za nje wanaowatembeza wageni kwenye theluji. Humu tutamwita huyo wa pili "mtembezaji".

SWALI: Tuko marafiki wanane. Kila Februari tunakwenda Méribel, kwenye Alps ya Ufaransa, na kampuni moja ya Uingereza. Zamani kijana wa kampuni alikuwa akituchukua asubuhi na kutuzungusha mlimani bure mpaka tukazijua njia. Siku hizi kampuni inasema sheria ya Ufaransa imekataza. Ni kweli, au wanabana matumizi tu? (Msomaji, Leeds)

JIBU: Ni kweli. Sheria ya Michezo ya Ufaransa, Code du sport, kifungu L212-1, inasema kwamba yeyote anayelipwa ili afundishe mchezo, auendeshe au aongoze watu wanaoucheza, lazima awe na diploma inayotambuliwa. Haijalishi kama hiyo ni kazi yake kuu au ya pembeni, ya msimu mzima au ya mara mojamoja. Kifungu kinachofuata, L212-2, kinaongeza uzito: skii imo kwenye kundi la michezo inayofanyika katika mazingira maalumu yanayodai hatua za pekee za usalama, kwa hiyo cheti chochote cha kozi ya siku chache hakitoshi.

Sheria hiyo haikutungwa kwa ajili ya watembezaji, na kwa miaka mingi kampuni za Uingereza ziliamini haiwahusu. Mambo yalibadilika kwa kesi iliyoanzia huko huko Méribel. Mwaka 2013 mahakama ya Albertville iliitia hatiani kampuni moja ya Kiingereza kwa kutumia watembezaji wasio na diploma. Kampuni ikakata rufaa Chambéry, na mwaka 2014 ikashindwa tena. Kufuatia kesi hiyo kampuni kubwa za Uingereza ziliiondoa huduma hiyo Ufaransa.

Neno "bure" ndilo linalowachanganya wengi. Ninyi hamkulipa siku ile, sawa. Lakini kijana yule alikuwa na mshahara wa msimu, chumba, chakula na pasi ya lifti (mitambo ya kuwapandisha watu mlimani), na huduma yake ilitangazwa kwenye kitabu cha matangazo ya kampuni ili ninyi mnunue safari. Sheria inamtazama anayeongoza: je, analipwa na yeyote kwa kazi hiyo? Kama analipwa, malipo yapo, hata kama hayakutoka mifukoni mwenu siku hiyo.

SWALI: Mimi nilikuwa miongoni mwa waliotembezwa. Kijana hakutufundisha chochote, hakumrekebisha mtu hata mguu. Alikuwa mbele tu, sisi nyuma. Na hatukutoka nje ya njia zilizowekewa alama. Sasa kosa liko wapi? (Msomaji, Brussels)

JIBU: Kosa liko hapo hapo ulipoandika "mbele tu". Neno la Kifaransa katika sheria ni encadrer, maana yake kuwa na watu chini ya uangalizi wako. Kufundisha ni jambo moja na kuongoza ni jingine, na sheria inayataja yote mawili. Sisi tunaona sheria iko sawa katika hili, na inafaa tueleze kwa nini, maana watu wengi hudhani kuongoza kundi ni kujua ramani.

Mtu akiwa mbele ya wanane, kila uamuzi wake unabebwa na wote. Akichagua pisti (njia ya skii yenye alama) nyekundu inayotazama mashariki saa tatu asubuhi, ambapo theluji imeganda usiku kucha na bado ni ngumu kama kioo, yule dhaifu kuliko wote kundini atateremka akiwa ameogopa na amekaza magoti, na hapo ndipo goti linapokwenda. Pisti hiyo hiyo saa tano, jua likiwa limeilainisha, ingemfaa. Pisti za upande wa kusini hugeuka: asubuhi barafu, mchana nzuri, alasiri uji mzito unaoshika skii. Mwalimu mwenye diploma hupanga siku kwa kufuata jua. Anayefuata ramani huona rangi za ugumu peke yake, kuanzia rahisi: kijani, buluu, nyekundu, nyeusi.

Kuna mwendo. Kundi halianguki kwa sababu ya aliye mbele. Huanguka mkiani. Kiongozi akienda kwa mwendo wa mtu wa katikati, wa mwisho hapumziki kamwe: anapofika wengine wamekwisha kupumua na wanaondoka. Kila kituo yeye hufika amechoka zaidi. Dawa yake ni kumweka wa polepole nyuma ya kiongozi moja kwa moja, kumweka mtu mwenye uzoefu afunge mkia, na kutoanza tena kabla wa mwisho hajapata dakika yake ya kupumua.

Kuna mahali pa kusimama. Kundi la watu tisa likisimama chini ya kilima ambapo anayekuja kutoka juu hawaoni, limejiweka njiani pa gari lisilo na breki. Kanuni za FIS, shirikisho la kimataifa la skii, zinakataza kusimama mahali pembamba au pasipoonekana. Kiongozi husimama pembezoni mwa pisti, mahali panapoonekana toka mbali, na kila anayefika hupita wenzake na kusimama chini yao. Akisimama juu yao na kuteleza, anawafyeka wote.

Kuna kuhesabu. Kwenye kila njia panda, kila lifti, watu huhesabiwa. Ukungu ukishuka na mwanga ukawa bapa, yaani theluji na anga vikawa rangi moja na vivuli vikapotea, mtu anaweza kupotea mita ishirini kutoka kwa wenzake.

Na kuna lifti za kuunganisha mabonde. Trois Vallées, eneo la mabonde yaliyounganishwa ambamo Méribel imo, ina kama kilomita 600 za pisti. Mgeni wa Méribel aliyekwenda Val Thorens anarudi nyumbani kwa kupanda lifti hadi kwenye ukingo kati ya mabonde mawili. Upepo ukivuma lifti hizo hufungwa kwanza, kwa kuwa ziko juu kuliko zote. Aliyebaki upande wa pili hana budi kuteremka kwa barabara mpaka mji wa Moûtiers kisha apande tena, zaidi ya kilomita 50, usiku, kwa teksi. Kiongozi anayeijua milima hiyo huanza kugeuza kundi mapema upepo unapobadilika. Asiyeijua hungoja tangazo, na likitoka, foleni ya lifti ya mwisho imekwisha kufurika.

Hayo yote yako ndani ya pisti zenye alama. Hatujagusa banguko la theluji, yaani theluji inapoporomoka mlimani.

SWALI: Nimepata nafasi ya kazi ya msimu na kampuni ya Uingereza inayopangisha nyumba za mbao za wageni huko Tignes. Naishi Manchester, pasipoti yangu ni ya Kenya, nina kibali cha kuishi Uingereza. Mkataba unasema nitasafisha, nitahudumia mezani, na "kuambatana na wageni mlimani inapobidi". Nisaini? (Msomaji, Manchester)

JIBU: Usisaini kabla ya mambo mawili kutatuliwa.

La kwanza ni hayo maneno "kuambatana na wageni mlimani inapobidi". Yaombe yafutwe au yaelezwe kwa maandishi. Kifungu L212-8 kinaweka adhabu ya hadi mwaka mmoja gerezani na faini ya hadi yuro 15,000. Kinamgusa anayeongoza bila sifa, na kinamgusa pia anayemwajiri. Kwa hiyo mkaguzi akikusimamisha chini ya lifti na wageni saba nyuma yako, "bosi ndiye aliyenituma" si kinga. Kampuni inaweza kuwa na mwanasheria. Wewe utakuwa na koti lenye nembo yake.

Unaloweza kufanya bila wasiwasi ni pana kuliko watu wanavyodhani: kuwapeleka wageni dukani kukodi skii na viatu, kuwanunulia pasi, kuwafikisha hadi chini ya lifti, kuwaonyesha ramani na kuwaambia njia ipi imefungwa leo, kuwatafutia mwalimu, kukutana nao mgahawani mchana. Ukiteleza siku yako ya mapumziko na mgeni mliyezoeana, hilo ni lako binafsi. Ila likifanyika kila Jumanne saa tatu, kwa koti la kampuni, na tangazo limebandikwa jikoni, si mapumziko tena hata mkiliitaje. Kinachopimwa ni mambo yanavyofanyika kila siku, jina la huduma halisaidii.

La pili ni haki ya kufanya kazi yenyewe. Kibali chako cha Uingereza hakikupi ruhusa yoyote ya kufanya kazi Ufaransa. Hata Waingereza wenyewe, tangu tarehe 1 Januari 2021, wamo kwenye kundi la raia wa nje ya Umoja wa Ulaya: siku 90 ndani ya kila siku 180 kama wageni, na kwa kazi wanahitaji idhini. Kwa pasipoti yako utahitaji mwajiri aombe idhini ya kazi Ufaransa kwanza, kisha wewe uombe viza kwa msingi huo. Iko hati ya mfanyakazi wa msimu, travailleur saisonnier, inayoruhusu kazi isiyozidi miezi sita katika kila kumi na miwili. Mwulize mwajiri swali moja: "Idhini ya kazi imetolewa, na naomba nakala?" Akijibu kwamba utaingia kwa viza ya utalii kwanza na mengine yatafuata, kazi hiyo iache.

SWALI: Nitajuaje kwamba mwalimu niliyempata mtandaoni ana sifa kweli? Kila mtu ana koti jekundu. (Msomaji, Geneva)

JIBU: Koti jekundu ni sare ya École du Ski Français (Shule ya Skii ya Ufaransa), ESF, lakini koti hununuliwa. Kinachohesabika ni kadi ya kitaaluma, carte professionnelle, inayotolewa na serikali kupitia mkuu wa mkoa na kudumu miaka mitano. Ina picha, ina namba, na inaeleza ni diploma gani na kwa shughuli zipi. Namba huanza na namba ya mkoa ilikotolewa: 073 ni Savoie, 074 ni Haute-Savoie. Wizara ya michezo ina orodha ya umma mtandaoni ambapo unatafuta kwa jina. Omba namba kabla ya kulipa arubuni. Mwalimu halali hukupa bila kununa, kwa sababu ameitolea jasho.

Mwanafunzi wa ualimu naye anaweza kufundisha kihalali, ila ndani ya shule ya skii iliyoidhinishwa. Anayejiita mwanafunzi na anafanya kazi peke yake, mwepuke.

Na mipaka ipo kwa wenye diploma pia. Mwalimu wa skii anaweza kukutoa nje ya pisti, lakini si kwenye barafu ya kudumu yenye nyufa wala mahali panapodai kamba na mbinu za kupanda milima. Hapo unamhitaji guide de haute montagne, yaani kiongozi wa milima mirefu, na hiyo ni diploma nyingine kabisa.

SWALI: Tuseme ukweli. Je, hawa walimu hawalindi mkate wao tu kwa kisingizio cha usalama? (Msomaji, London)

JIBU: Wanaulinda mkate wao, na hakuna aibu katika hilo. Tazama wanavyoupata. Wengi katika ESF ni watu waliojiajiri. Hawana mshahara wa mwezi, wana masaa waliyofundisha kati ya Desemba na Aprili, na ada na makato wanayolipa wenyewe. Wiki za likizo za shule za Ufaransa, Februari hadi mwanzoni mwa Machi, kazi huwazidi. Januari baada ya mwaka mpya ni kiangazi chao, na ndiyo wiki ambazo wageni kutoka nje ndio wanaoujaza mlima. Kampuni ikiwapa wageni hao mtembezaji wa bure, mwalimu wa kijijini anakosa kazi pale pale anapoihitaji zaidi.

Halafu tazama bei ya diploma yenyewe. Mwanafunzi hupita mtihani wa kuingilia, mizunguko ya mafunzo chini ya ENSA ya Chamonix, shule ya taifa ya skii na upandaji milima, mtihani wa usalama nje ya pisti, na ule unaoogopwa kuliko yote: mbio za slalomu kubwa (kuteremka kwa kasi ukipinda kati ya milingoti), Eurotest. Mwanaume hafaulu akizidi muda wa rejea kwa zaidi ya asilimia 18, na muda huo wa rejea unakokotolewa kwa viwango vya wanariadha bora wa dunia. Wanawake wana nafasi kubwa kidogo. Wako wanaojaribu miaka mitatu, minne, wakikosa kwa sehemu ya sekunde. Mtu aliyepita tanuri hilo akimwona kijana wa miezi mitatu anaongoza wageni wanane, anachokiona ni kazi yake inatolewa kama zawadi ya kuuzia vyumba.

Walakini kuna hoja ya upande wa pili tunayoikubali. Walimu wengi wa Uingereza wamelalamika kwamba mbio za slalomu hazipimi uwezo wa kumfundisha mtoto wa miaka sita, na kwamba kipimo hicho kiliwafungia mlango watu waliojua kazi. Umoja wa Ulaya ulijaribu kulituliza kwa kanuni namba 2019/907, iliyoweka mtihani wa pamoja ili mwalimu aliyefaulu atambuliwe nchi nyingine mwanachama. Uingereza ikaondoka kwenye Umoja muda mfupi baadaye, na walimu wake wengi wakarudi kwenye mlango mgumu.

Tunachokikataa ni kuchanganya kesi hizo mbili. Mwalimu wa Kiingereza mwenye diploma ya juu kabisa ya chama chao, BASI, ana hoja ya kutambuliwa, na tunamtakia aipate. Mtembezaji asiye na diploma yoyote hana hoja hiyo, hata awe mchangamfu kiasi gani, na kampuni zilizowaweka pamoja kwenye malalamiko yao ziliwadhuru walimu wao wenyewe.

SWALI: Basi sisi wanane tufanyeje? Mwalimu wa siku nzima ni ghali. (Msomaji wa Leeds, barua ya pili)

JIBU: Gawanyeni. Kwenye vituo vikubwa mwalimu binafsi wa siku nzima huwa kama yuro 400 hadi 600, na wiki za likizo huzidi. Chukulieni 480: kwa watu wanane ni yuro 60 kila mmoja. Hamumhitaji siku sita. Mchukueni siku ya kwanza, nzima kama mnaweza, na mwambieni mapema kwa maandishi kwamba hamtaki somo la mbinu, mnataka kuzijua njia. Walimu hulikubali hilo, na wengine hulipenda.

Mpeni mambo matatu kabla: kila mmoja huteleza kwenye pisti ya rangi gani bila hofu, nani ana goti au mgongo mbovu, na mnalala wapi ili awapangie njia ya kurudi. Msifiche dhaifu wenu. Kosa la kawaida ni wanane kusema "sisi sote ni wa kati", kisha saa nne asubuhi kundi limevunjika. Kama tofauti ni kubwa mno, ni afadhali kugawanyika nusu siku kila kundi kuliko siku nzima ya kungojana.

Mkiwa naye, mwulizeni pisti zipi za kurudia asubuhi na zipi alasiri, lifti ipi hufungwa kwanza upepo ukija, na saa ngapi mwe mmevuka ukingo kurudi upande wenu. Ziandikeni kwenye ramani. Siku tano zinazobaki mnajitembeza wenyewe, na hilo halina kosa lolote: marafiki wakiteleza pamoja hakuna anayelipwa.

SWALI: Nchi nyingine za Alps ziko vipi? (Msomaji, Munich)

JIBU: Kila moja na yake. Italia ina sheria namba 81 ya mwaka 1991, na walimu huandikishwa kimkoa. Austria kila jimbo lina sheria yake ya shule za skii, hivyo jibu la Tyrol usilipeleke Salzburg. Uswisi inatilia mkazo hatari: tangu Januari 2014, anayeongoza watu kwa malipo nje ya pisti kwenye ardhi ya hatari iliyotajwa na sheria anahitaji idhini. Ikiwa kampuni yako inatangaza mtembezaji huko, uliza ni kwa msingi wa sheria ipi ya mahali hapo.

SWALI: Tukijitembeza wenyewe na mtu akaumia, nani analipa? (Msomaji, Lyon)

JIBU: Aliyeumia. Tangu sheria ya milima ya Januari 1985, wilaya za Ufaransa zinaruhusiwa kudai gharama za uokoaji kwenye pisti, na ankara hupanda kadiri ulivyo mbali na kituo: hufika mamia ya yuro kabla ya gari la wagonjwa na daktari kuhesabiwa. Nunueni bima inayotaja uokoaji wa pisti kwa jina. Ziko za kununua pamoja na pasi kwa siku, na ipo Carte Neige ya shirikisho la Ufaransa kwa msimu mzima. Bima za kadi za benki mara nyingi hutaka safari iwe imelipiwa kwa kadi hiyo hiyo, na baadhi hazigusi nje ya pisti.

Mtu akianguka: mmoja apande hatua chache juu yake na asimike skii mbili zikiwa zimepishana kama herufi X, ili wanaokuja waepuke. Asivuliwe kofia ngumu, asivutwe. Kisha mtafute nguzo iliyo karibu pembezoni mwa pisti. Ina jina la pisti na namba, na namba hupungua kadiri unavyoshuka, moja ikiwa chini kabisa. Pigieni namba ya uokoaji iliyoandikwa kwenye ramani ya pisti, au 112, na semeni jina la pisti, namba ya nguzo iliyo juu yenu na ya iliyo chini, mtu anaongea au haongei, na sehemu iliyoumia. Hifadhini namba hiyo kwenye simu zote nane asubuhi ya kwanza, na simu iwe mfuko wa ndani wa koti, karibu na mwili, kwa sababu baridi humaliza betri haraka.